Kobe wa Alhamisi

Mpendwa Baba,

Salaam aleikum huko uliko. Najua umeitikia kwa sauti ile ya gwaride, na majirani zako wapya wameshtuka. Usinicheke kwa kukuandikia barua, wewe ambaye hukuwahi kupokea hata moja bila kunikabidhi mimi nikusomee. Safari hii tafuta malaika yeyote mwenye subira akusaidie, maana nina maneno mengi, na mengine ni ya kujisifu.

Juzi, kwenye maktaba ya watoto ya makumbusho, msichana mmoja alinivuta sketi akaniuliza, "Auntie, huyu kobe ya kofia, nani alichora?" Nikamwambia ni baba yangu. "Alikuwa mwalimu ya kuchora?" Nikamwambia hapana, alikuwa polisi wa mlangoni. Alinitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya uongo pale soko la Owino, akaenda zake. Nimeudhika tangu siku hiyo. Basi leo naieleza habari yote. Nakueleza wewe unayeijua, ili wasioijua wasome wakiwa wamesimama nyuma ya bega langu.

Unakumbuka ulivyopelekwa pale. Ilikuwa miaka ya utawala wa Jeshi, tukikaa kambi ya polisi Ntinda, hapa Kampala, chumba kimoja na pazia katikati. Wewe Mwislamu wa kule wilaya ya Moyo, Mama Mkatoliki wa Gulu, na mimi nikila Idi na Krismasi bila kumchukiza yeyote. Mkubwa wako aliuliza kwenye paredi nani alilala lindoni, nawe ukajibu mbele ya kikosi kizima, "Ni wewe, afande." Wiki iliyofuata ukapewa lindo la mlango wa makumbusho, kule juu ya Kamwokya, ukae na ngoma na mikuki ya marehemu. Walidhani wamekuadhibu. Mama alikutania kwamba angalau marehemu hawaulizi maswali.

Kazi yako ilikuwa kitabu. Kila anayeingia na kutoka lazima aandikwe kwenye kitabu cha lindo: ni nani, saa ngapi, amebeba nini. Na wewe, Baba, herufi ulizozijua zilikuwa za jina lako tu. Tarakimu ulizijua vizuri, kwa hiyo saa uliiandika kwa tarakimu, na mtu ukamchora. Ulichora kwa kalamu ya risasi fupi kuliko kidole chako, na haikukuchukua muda. Mzee mwenye mwavuli uliovunjika ubavu. Watawa watatu, wa katikati ana kwikwi, na kwikwi yenyewe ilionekana. Siku msimamizi wako alipokuja kukagua alikuna kichwa, lakini hakuona kosa, kwa sababu kila kitu kilikuwamo.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni Madamu Rispa, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akitunza kile chumba kidogo cha vitabu nyuma ya ukumbi wa ngoma. Kwa wasiomjua, alikuwa mwanamke mrefu, mlokole, mwenye gauni la madoa meupe alilolivaa mpaka tukadhani ni la kazi. Alikuja kusaini, akajikuta tayari yumo kitabuni.

"Afande," alisema, "hii ni mimi kabisa. Hata mwanya ya meno."

"Meno iko na mwanya," ulijibu. "Mimi nachora tu yenye iko."

Akakuomba umsaidie Jumamosi. Vitabu vya watoto alivyokuwa navyo vilikuwa vya theluji na watoto wa mashavu mekundu, na nusu vilikuwa vimeliwa na mchwa. Wafadhili walikuwa wameondoka, karatasi zilikuwa zimeadimika madukani, na rangi hatukuwa hata tunaziuliza. Alitaka watoto wa Kamwokya wachore vitabu vyao wenyewe. Mwalimu wa kufinyanga alikuwa naye tayari, Mwalimu Kizza, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya pama na mkoba mkubwa mgongoni. Aliyemkosa Madamu ni mtu wa kuchora.

Ah, Jumamosi zile! Mama alituletea kutoka Owino mifuko ya saruji, tukaipasua na kuipangusa, tukachora upande wa ndani. Nyeusi yetu ilikuwa mkaa. Nyekundu ilikuwa udongo wa Kamwokya, ambao haujawahi kuadimika. Bluu ilikuwa bluu ya kufulia, na Mama alilalamika mwaka mzima kwamba shati zako zimefifia kwa ajili ya sanaa. Brashi ulitengeneza mwenyewe: ulitafuna mswaki wako wa mti mpaka nyuzi zikatoka, ukachovya. Basi watoto wote, Wakristo kwa Waislamu, wakawa wanatafuna miswaki. Madamu Rispa alisema hajawahi kuona darasa lenye meno safi namna ile.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Siku moja alikuja mtu wa ile ofisi ambayo watu hawakuitaja jina. Alivaa shati la maua na viatu vya visigino virefu, mtindo wa wanaume wa siku zile, na alinukia manukato hadi ukumbi wa mikuki. Alikaa kwenye kiti chako, akafungua kitabu chako, akapitisha kidole juu ya nyuso, moja baada ya nyingine. Akasimama kwenye uso wa fundi mmoja wa redio. "Huyu anakuja siku gani?" Ulisema hujui, na kweli hukujua. Fundi yule hatukumwona tena pale. Labda alionywa, labda hapana. Jioni ile hukugusa chakula, na Mama hakukulazimisha.

Kesho yake nilipotoka shule nikakuta kitabu kimejaa wanyama. Twiga mwenye mwavuli. Korongo watatu wenye vilemba vya utawa. Kanga, yule ndege wa madoa, mwenye mwanya kwenye mdomo. Nilikuuliza kwa nini, ukanijibu bila kuinua macho, "Watoto wanapenda nyama." Wanyama, ulimaanisha, na watoto kweli waliwapenda. Lakini mimi nilikuwa nimeiona sahani yako ya jana, na mwenye macho haambiwi tazama.

Na bado, Baba, hukukubali kusema uongo! Hilo ndilo lililonishangaza na kunitia wazimu. Mtu mwingine angechora wanyama ovyo, akapumzika. Wewe ulisema, "Kitabu ya serikali haisemi uongo," kwa hiyo kila mtu alikuwa na mnyama wake mmoja, hakubadilishiwa, na aliyeingia saa tisa alichorwa saa tisa. Madamu Rispa alikuwa kanga kila siku. Mwalimu Kizza, na mkoba wake, alikuwa kobe mwenye kofia. Sisi watoto tulifanya mchezo wa kubahatisha nani ni nani, na mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Kitabu kizima nilikuwa nacho kichwani.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mwalimu Kizza alikuwa amesema neno darasani kwake, shuleni alikofundisha, kuhusu foleni za sukari. Neno moja tu, na mtu akalipeleka. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuja makumbusho saa kumi akiwa anatetemeka, nilimwona kwa macho yangu. Madamu Rispa alimfungia chumba cha vitabu, akatoka, akarudi na mwanamume wa kwao mwenye lori la kwenda Busia, mpakani na Kenya, wakampitisha mlango wa nyuma. Saa kumi na moja alikuwa ameshaondoka, chini ya turubai la lori. Na wewe ukalamba ncha ya kalamu, ukachora. Saa kumi, kobe anaingia. Saa kumi na moja, kobe na kanga mlango wa nyuma.

Baba, kwa hilo nilikukasirikia, na nikisema nimesamehe yote nitakuwa nadanganya. Nilikuambia futa. Ukaniambia kufuta ni kudanganya kwa raba. Nililia njia yote ya Bukoto mpaka nyumbani. Wewe ulitembea mbele na mikono nyuma, na ulikuwa unaogopa, sasa najua, lakini hukurudi kufuta.

Jumamosi tulikuwa chini sakafuni, watoto wote, tumetandika mifuko ya saruji, Madamu Rispa akikoroga bluu kwenye beseni. Mimi nilikuwa namalizia twiga. Alikuwa twiga wangu bora, nilikuwa nimempaka shingo nzima na rangi bado mbichi. Nikaona kisigino kirefu kikitua katikati ya shingo.

Bwana wa Shati la Maua hakutazama alichokikanyaga. Nyuma yake alikuwa askari mwenye bunduki. Alikuita kutoka mlangoni na kitabu chako, akakifungua juu ya meza ya maktaba.

"Alhamisi," alisema. "Iko mwalimu aliingia hapa. Watu walimuona anapanda mulima. Aliingia na nani, alitoka na nani?" Akapata ukurasa. Akautazama muda mrefu. "Nini hii?"

"Ni lipoti, afande," ulisema.

"Lipoti? Kitabu ya serikali, unajaza nyama ndani?"

"Kuandika sijui, afande. Najua kuchora."

"Hii kobe ni nani?"

Jasho lilitoka chini ya kofia yako likashuka shingoni. Uongo hukuuweza na ukweli hukuutaka, ukasimama mguu sawa kama uko paredi. Madamu Rispa alikuwa hatua tatu kutoka kwenye meza ile, ndani ya gauni lake la madoa, na mwiko wa bluu mkononi. Angetazamwa mara moja tu kwa makini, na ukurasa ule ungekuwa hukumu yake. Mkenya, miaka ile, amemtorosha mtu anayetafutwa. Wote tulijua wanaopelekwa kwenye ile ofisi hawarudi kusimulia.

Yule bwana akageuka. Akaona watoto, akanichagua mimi, pengine kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nikimtazama usoni. "Wewe mutoto, kuja. Unajua nyama ya hii kitabu?"

"Najua, afande."

"Kobe ni nani?"

Watu wakinisimulia siku ile husema nilikuwa na akili za ajabu. Hapana. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya twiga wangu. Nilisema, "Kobe simjui, afande. Ninayemjua ni fisi." Nikafungua kurasa nyuma, moja, mbili, tatu, mpaka siku ile ya wiki iliyotangulia aliyopita tena kuchungulia, nikaweka kidole chenye rangi pale pale.

Maana wewe, Baba, ulikuwa umemchora. Kitabu hakisemi uongo! Saa nne na nusu, fisi anaingia. Shati la maua, kila ua mahali pake. Visigino virefu. Mdomo wazi kidogo, kama anavyoshusha pumzi baada ya kupanda ngazi. Yule bwana alitazama ukurasa. Akalitazama shati lake. Askari mwenye bunduki alinyoosha shingo juu ya bega lake, akatazama vilevile, akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Dakika ile nimekaa nayo maisha yangu yote, na nimekuja kuelewa alichokuwa akikihesabu kichwani. Kama kobe ni mtu, basi fisi naye ni mtu, na mtu huyo ni yeye. Akipeleka kitabu kule ofisini kama ushahidi, mkubwa wake atafungua kurasa zote. Akituchukua sote, askari huyu anayekohoa atasimulia kwa nini kabla hawajafika chini ya mlima. Katika ofisi ile kila mtu alimchunga mwenzake, na aliyechekwa leo hakuwa na kesho. Njia ilikuwa moja tu, naye akaiona.

"Hii," alisema kwa sauti kubwa, akimwambia askari, akiwaambia mikuki na ngoma, "hii ni hadithi ya watoto tu!"

"Ndiyo, afande," alisema askari, machozi yakimtoka.

"Leta kalamu."

Akaandika ndani ya kitabu, kwa herufi kubwa: HII NI HADITHI YA WATOTO. NIMEKAGUA. Akatia sahihi, sahihi ndefu yenye mkia. Akakuambia siku nyingine utafute mtu anayejua kuandika. Akaondoka, na kisigino chake kiliacha alama za rangi ya twiga mpaka kwenye ngazi.

Madamu Rispa aliketi chini bila kutazama, akaketi ndani ya beseni. Gauni la madoa meupe likawa gauni la madoa ya bluu kuanzia siku hiyo. Alicheka, akalia, akaimba pambio, na sisi tukaimba naye bila kujua tunashukuru nini. Wewe uliniita pembeni. Nilidhani nitachapwa, maana Mama alikuwa akinifundisha kila siku kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Nusu ilikuwa uongo," ulisema.

"Na nusu nyingine, Baba?"

"Nusu nyingine ilikuwa kweli sana." Ukageuka ukutani, na mabega yako yakatikisika, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona ukicheka ndani ya sare.

Madamu Rispa hakuwa mtu wa kuacha bahati ilale. Siku zile pale makumbusho hakuna aliyethubutu kurudufu hata tangazo la choo bila kibali. Yeye alichukua kitabu chako, akaenda nacho moja kwa moja kwa wenye mashine ya kurudufu, akawaonyesha sahihi. "Imekaguliwa," alisema. Nani angebisha na sahihi ile? Akaandika hadithi fupi, ya wanyama wanaokwenda kutembelea nyumba ya vitu vya zamani, kila mmoja akakuta humo kitu cha babu yake. Wewe ukachora upya kila picha kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, kwa msumari, ukiwa umezuia pumzi, kwa sababu stensili ikipasuka haisameheki. Sisi tukapaka rangi nakala moja moja kwa miswaki yetu. Majalada yalikuwa ya lubugo, lile gome la mti, ambalo bibi mmoja wa Kamwokya alituletea bure aliposikia ni kitabu cha wajukuu. Na kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya twiga, kabla ya kanga, tuliyaweka maneno ya yule bwana kama alivyoyaandika. Watoto wa Kampala walisoma hadithi ya fisi mwenye shati la maua kwa idhini ya fisi mwenyewe!

Kitabu kile kilizunguka. Kiliingia shuleni, kikaingia misikitini na makanisani, kikaingia hata kambini kwetu, ambako wake za polisi walikisoma kwa sauti wakifua na kushikana mbavu. Hakuna aliyetaja fisi ni nani. Watu walikuwa wanaogopa kufumbua mdomo miaka mingi, na sasa walikuwa na ruhusa ya kucheka, yenye sahihi.

Miezi ikapita ndipo dereva wa lile lori akaleta kifurushi cha Madamu Rispa. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na kobe wa udongo aliyechomwa vizuri, kichwa kikiwa nje. Madamu alikubusu mkono, Baba, mlokole yule mkali, na wewe hukujua pa kutazama.

Baada ya serikali ile kuanguka wengi walirudi, naye Mwalimu Kizza akarudi kufundisha. Madamu Rispa alikwenda kuzeekea kwao Kisumu. Wewe ulikaa mlangoni pale mpaka ulipostaafu, na msimamizi wako wa mwisho alijaribu kukufundisha kuandika ukamwambia umechelewa. Nilikuzika Moyo kama ulivyotaka. Nikarudi Kampala nikaomba kazi katika kile chumba kidogo cha vitabu, wakanipa.

Sasa sikiliza, maana nimefika kwenye yale ya kujisifu. Kitabu kimechapishwa upya. Rangi kamili, jalada gumu, na chini ya jina la hadithi limeandikwa jina lako, mchoraji, kwa herufi zile zile ulizokuwa ukizijua. Nilipigania jambo hilo na wachapaji kama mwendawazimu. Walitaka waandike "mchoraji asiyejulikana". Niliwaambia asiyejulikana ni baba zenu.

Jumamosi ya kukizindua watoto walijaa sakafuni kama zamani. Nilikuwa na hamu yako mpaka kifua kikauma, na nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya kuwa na vyote viwili pamoja. Ningependa ungekuwa pale na kofia yako, ukinyoosha mstari. Nilitaka kukuambia kwamba ulikuwa sahihi kutofuta. Mimi nilitaka tumfiche mwalimu. Wewe ulikuwa umekwisha kumficha, kwa ukweli mtupu, mahali ambapo hakuna mwongo angeweza.

Tulipokuwa karibu kuanza, mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Kizza. Amezeeka, anatembelea fimbo, na kweli sasa anatembea mwendo wa kobe. Hakuja peke yake. Alikuja na mke aliyemwoa huko uhamishoni, na binti zao watatu, na waume wa binti hao, na nyuma yao wajukuu, wanavutana, wanagombania nani ashike mkono wa babu. Nilisimama mlangoni nikawahesabu wakipita. Walikuwa kumi na sita. Wote hao, Baba, walipita mlango wako Alhamisi ile, na wewe ukachora kobe mmoja tu.

Pumzika vizuri, mzee wa lindo. Mimi niko zamu.

Binti yako wa kwanza, aliyekuwa akikusomea barua